Theluji Imelalia Nini

Kabla sijawasha mkaa wa chai, nafungua simu kuangalia theluji. Sijawahi kuigusa wala sina hamu nayo. Naishi Kambarage, mjini Shinyanga, mahali ambapo wakati wa kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye sufuria yenye kifuniko, na kitu cha baridi kuliko vyote ninachokijua ni soda ya dukani siku ambayo umeme haujakatika. Lakini binti yangu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja kwenye milima ya Alpi, huko Ulaya, hoteli ya watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji, na mimi ni mama yake. Basi naangalia.

Ukurasa wenyewe alinionyesha yeye, msimu wake wa kwanza kule. Unaeleza theluji mpya iliyoanguka usiku, kina chake kileleni na kina chake bondeni, upepo unatoka wapi, njia zipi za kuteleza zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Chini kabisa kuna kiboksi kinachobadilika rangi kulingana na hatari ya theluji kuporomoka. Simu inanitafsiria kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha ajabu. Kuna siku kiliniambia kwamba theluji ina hasira ya wastani. Nimekizoea hivyo hivyo, kama mtu anavyomzoea mkwe.

Nauza chai na chapati asubuhi, wali mchana, karibu na kijiwe cha bodaboda. Vijana wa pale walipogundua ninachosoma kila siku hawakuniacha. Mmoja akipita tu ananiita mama kwa Kisukuma, anauliza, "Mayu, huko kwetu kumeanguka?" Namjibu kwamba imefika magotini, alete hela ya chapati za jana. Wanacheka, nami nacheka nao. Wakati ule nilikuwa bado naweza kuicheka theluji.

Msimu ule wa kwanza ilichelewa. Mlima ulikuwa wa kahawia, wageni wakawa wanaahirisha safari, na wafanyakazi wakaambiwa wasubiri bila mshahara, na kama hali haitabadilika warudi makwao. Binti yangu alilia kwenye simu. Nikafanya ambalo mtu yeyote wa Shinyanga angelifanya: nilipeleka jambo kwenye jumuiya yetu ya sala. Sisi kuomba mvua hatujifunzi ukubwani. Babu zetu walikuwa wakimwondoa mtemi kwenye kiti mvua ikigoma. Basi tulipiga magoti kumwombea mtoto wangu theluji, mwaka ambao mahindi yetu wenyewe yalikuwa yanakauka, na bibi mmoja akauliza Mungu akikosea shabaha ikaangukia huku tutaiweka wapi. Haikuangukia huku. Iliangukia kule kule, usiku na mchana, na Jumapili nilitoa sadaka ya shukrani. Kwetu kinachotoka mawinguni ni heri, na kikizidi ni heri iliyozidi. Hakuna aliyewahi kunifundisha vinginevyo.

Mume wangu ndiye hakufurahi. Ni mtu wa maneno machache, na shimo la dhahabu lilimpunguzia hata hayo machache. Nilipomsomea jinsi theluji ilivyojaa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Imelalia nini?"

Nilimwambia imelalia mlima, italalia nini kingine. Alitoka nje kwenda kuwatazama kuku.

Ili swali lake lieleweke lazima niseme alikotoka. Alichimba dhahabu kwenye maduara ya Nyang'hwale, si mbali na Kharumwa, mimi nikiwapikia wachimbaji pale juu na binti yetu akicheza miguuni pangu. Duara ni shimo linaloshuka wima kama kisima, halafu linakwenda chini kwa chini likiufuata mwamba wenye dhahabu, na kinachozuia dunia isikuangukie ni magogo wanayoyaita matimba. Pale kwetu mchimbaji hakushuka na viatu. Alivivua mdomoni mwa duara na kuvigeuza vitazame nje, visigino vikielekea shimoni, ili akipanda avivae na kuondoka bila kugeuka nyuma. Viatu vikitazama nje, mwenyewe yuko chini. Hakuna aliyevigusa. Ukivisogeza hata kwa mzaha unapigwa, na wa kukuonea huruma hayupo. Jioni msimamizi hakuita majina, alitazama viatu. Binti yetu aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Hata akiingia kulala aligeuza ndala zake zitazame mlango, na mimi nikamwambia kitanda si duara.

Siku duara la mume wangu lilipoanguka, mvua kubwa ilikuwa imetangulia. Udongo wa juu ulilowa ukawa mzito, wa chini ukabaki mkavu na laini kama sahani, na ule wa juu ukateleza. Ukapigwa mwano, ule ukelele wa Kisukuma wa kuita watu kwenye hatari, na kila kazi ikasimama. Msimamizi, kwa haraka na bila kutazama viatu, alisema walio chini ni wawili, maana mume wangu alikuwa ameaga kwamba anakwenda sokoni Kharumwa. Lakini mimi niliziona katambuga zake, zile za tairi, zinatazama nje. Nikakaa kando yazo. Waliwatoa wale wawili, mmoja akiwa ameshakufa, wakataka kupumzika, nikawaonyesha katambuga. Wakachimba tena. Alitoka hai, mguu umesagika na mdomo umejaa udongo. Tukahamia Shinyanga. Toka siku hiyo mume wangu haachi viatu mlangoni kwa mtu. Akienda kusalimia anaingia navyo kwapani, na watu wa Kambarage wanadhani anaogopa wezi.

Kwa hiyo alipouliza theluji imelalia nini, nilielewa baadaye kidogo, nikiwa nasonga ugali, na mwiko ukasimama. Nilirudi kwenye simu nikasoma vizuri maneno ya kile kiboksi cha chini, ambayo siku zote nilikuwa nayaruka. Yalisema juu ya matabaka. Yalisema theluji mpya, upepo ukiisukumia upande mmoja, ikilala juu ya theluji ya zamani isiyoshikana, inaweza kukatika yote kwa pamoja kwa uzito wa mtu mmoja tu. Nikajua kwamba huko Ulaya mwanangu anaishi chini ya duara lililogeuzwa, kifusi kiko juu yake na hakuna hata timba moja. Nikaanza kuogopa, na sijapona hadi leo.

Laiti angekuwa anabaki jikoni. Lakini wenzake walimfundisha kuteleza. Alinitumia video: amefunga mbao ndefu miguuni, anashuka, anaanguka kwa makalio, anacheka mpaka kofia inamdondoka. Mimi nilicheka nikairudia. Mume wangu aliitazama mara moja tu, na hakuwa anamtazama mtoto, alikuwa anautazama mteremko ulio nyuma yake. Nilimwomba binti yangu aache. Akaniambia kwa upole kwamba njia zinazofunguliwa zimekaguliwa, kwamba kuna vijiti vya rangi mpaka wapi uende na mpaka wapi usiende, na kwamba yeye siyo mjinga. Ni kweli siyo mjinga. Baba yake naye hakuwa mjinga.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mwaka juzi. Kule ilikuwa imeanguka siku mfululizo pamoja na upepo, halafu ukurasa ukasema kesho jua kali, hali nzuri sana ya kuteleza. Kiboksi kilikuwa cha rangi ya machungwa. Nilimsomea mume wangu yale maneno ya tabaka dhaifu, akasema tu, "Basi mwambie." Nikampigia. Kesho ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alisema pengine atashuka mjini bondeni kununua vitu, pengine atapanda mlimani kwa sababu jua kama lile ni adimu, hajaamua. Nikamwambia ashuke. Akacheka, akasema, "Sawa mama, nimekusikia." Kila aliyezaa mtoto anajua jibu hilo lina uzito gani.

Mchana wake nilikuwa napakua wali. Niliifungua simu kwa mkono wa kushoto, kama ninavyofanya kila wakati, na ukurasa ulikuwa umegeuka mwekundu wote. Poromoko limetokea upande wa juu. Njia zote za juu zimefungwa. Kijana wa bodaboda aliniomba aongezewe mchuzi, nikamkabidhi sufuria. Nilimpigia binti yangu, simu haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana, nikapiga nikiwa natembea, kisha nikiwa nimekaa chini kwenye vumbi bila kujua nimekaaje.

Nilikuwa na namba ya mwenzake wa jikoni, msichana wa Kenya tuliyekuwa tukisalimiana kwenye simu. Huyo alipokea. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, wageni wote wamehesabiwa wapo, wafanyakazi wako kazini, na waokoaji wamesema hakuna mtu chini ya theluji. Na binti yangu alikuwa amewaambia jana kwamba labda atashuka mjini. Bila shaka simu imezima chaji. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale barabarani. Nikafunga biashara, nikaenda nyumbani kumwambia mume wangu, nikimweleza haraka haraka na kucheka ovyo, kwamba hayupo mlimani, ameshuka mjini, wamehesabu.

Alisikiliza. Aliposikia neno la kushuka mjini, uso wake ulibadilika. Aliinuka, akaenda chumbani, akapiga goti lake bovu na kuingiza mkono chini ya kitanda. Alitoka na ndala za binti yetu, zile za bluu alizoziacha siku ya kuondoka. Akaziweka mlangoni, visigino ndani, zikitazama nje.

Nilimrukia. Kama si mguu wake nadhani ningemsukuma. "Unamzika mwanangu?"

"Viatu haviwekwi ili mtu azikwe," alisema. "Vinawekwa ili apande."

Nilisimama pale nikiziangalia zile ndala, na hofu ikaniingia mpya kabisa, baridi, iliyotulia. Nilijua ninachotakiwa kuuliza. Nilijua pia kwamba nikiuliza naweza kujibiwa, na nilitamani nisiulize, nibaki na yule binti aliyeshuka mjini. Kisha nikampigia yule Mkenya, nikamwambia aende kwenye kile chumba cha chini ambako watu huvua viatu vya kawaida na kuvaa vile vigumu vya kutelezea, atazame kama kuna buti za kahawia zenye manyoya ndani. Mwanangu hana nyingine za baridi. Ninazijua, tulizichagua pamoja kwenye simu akiwa dukani.

Akanitumia picha. Ubao mrefu ukutani, na juu yake viatu vya kila namna, pua zote zimeelekea ukutani kama watu wanavyovisukuma. Mwishoni kabisa, buti za kahawia. Hizo tu ndizo zilizotazama mlango.

Mkenya alisema labda ziliachwa toka jana, labda ameazima viatu vya mtu. Sikuwa na namna ya kumweleza. Nilimwambia huyo yuko mlimani, nenda ukamwambie bosi wako wakamtafute. Nilimsikia akiogopa na yeye, mtoto wa watu, mgeni kwenye nchi ya watu, amwambie bosi kwamba hesabu yake siyo sahihi kwa sababu ya mwelekeo wa viatu. Nikamwambia ampelekee bosi simu tu, anyooshe mkono, mengine aniachie.

Kiingereza changu ni cha kuuzia chai wageni waliopotea njia. Nilimwambia yule bosi maneno matatu: binti, mlima, viatu. Nikayarudia. Akajibu kitu kirefu kwa sauti ya mtu mwenye adabu na kazi nyingi, na nikasikia kabisa kwamba anataka kuirudisha simu. Ndipo mwano ukanitoka. Sikuupanga. Sikuwahi kuupiga tangu Nyang'hwale. Uliniinuka kutoka tumboni ukajaa chumba, na majirani zangu, ambao wengi wamezaliwa vijijini na wanaijua sheria yake, wakaja mbio na fimbo wakidhani tumevamiwa.

Mkenya alinisimulia baadaye. Bosi alishika simu mbali na sikio, akamuuliza ni nini hicho. Akamjibu, "Ni mama yake, na hatanyamaza mpaka waende." Yule mzungu akatazama dirishani, jua lilikuwa linaelekea kwenye vilele, na akaenda kupiga simu kwa waokoaji.

Kuanzia hapo hakukuwa na la kufanya. Majirani walikaa uani na fimbo zao, wakiona haya kuondoka. Wanawake wawili walijifunika kanga kichwani wakakaa chini vile wanavyokaa watu msibani, nikawafukuza, nikawaambia hapa hakuna msiba, anayetaka kulia akalie kwake. Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini kando ya zile ndala, kama mimi nilivyokaa kando ya zake. Nilikuwa nasoma ukurasa. Kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuujali, baridi ya usiku kileleni, na chini yake kwamba upepo utaongezeka giza likiingia. Niliusoma na kuusoma. Niliwaza ametokwa na jasho kwa kuteleza, nguo zimelowa. Niliwaza mdomo wake una theluji kama mdomo wa baba yake ulivyokuwa na udongo. Nilimwambia Mungu kwamba ile sadaka ya shukrani naitaka, anirudishie, achukue theluji yake yote, na sikuona aibu kusema hivyo mbele ya majirani.

Simu ililia kuku wakiwa wanaingia bandani. Mkenya alikuwa analia, kwa hiyo kwa muda sikuelewa ni kilio cha namna gani. Wamempata. Alikuwa amevuka vijiti vya rangi kidogo tu, kufuata theluji ambayo haijakanyagwa, na poromoko lilimpitia pembeni. Lilimfunika hadi kifuani na kumvunja goti, simu ikapotea, na sauti ilikuwa imekwisha kwa kuita. Waokoaji walisema kama giza lingeingia akiwa bado peke yake, wasingekuwa na kazi ya haraka tena.

Majirani walishangilia. Mimi nilitapika. Mume wangu alikaa palepale, na nilipoinama kuziondoa ndala alinishika mkono, akasema bado hajapanda.

Zikabaki mlangoni. Mvua zikazinyeshea, kuku wakazichafua, bluu ikapauka, na kila mgeni akauliza ni za nani. Mwezi wa nne binti yetu alishuka kwenye gari mbele ya nyumba, anatembea kwa gongo, amevaa zile buti za kahawia kwenye joto letu. Alitusalimia shikamoo, akakaa kizingitini, akavua buti na kuingiza miguu kwenye ndala bila kuzigeuza. Baba yake alimtazama miguu tu. Kisha aliinuka akaenda kutafuta kivuli nyuma ya nyumba, na hatukumfuata.

Alikaa nasi hadi mwisho wa kiangazi. Walikuwa wakienda dukani pamoja, yeye na baba yake, wanachechemea mguu uleule, na vijana wa bodaboda wakisema gari la Kambarage linahitaji springi. Nilikuwa na furaha ya wizi. Kila siku goti lilipouma niliona ni siku nyingine nimepewa. Niliacha kufungua ule ukurasa. Nilimtafutia kazi kwenye hoteli moja Geita, jikoni vilevile, ambako watu ni wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu, na kinachoanguka kutoka juu ni mvua. Alinisikiliza kwa heshima. Goti lilipopona alinionyesha mkataba mpya wa kule milimani.

Sikumgombeza. Nilimwangalia baba yake amgombeze, naye akamuuliza kama safari hii atatazama imelalia nini. Akajibu, "Nitatazama, baba." Basi, ikaishia hapo.

Siku ya kuondoka, gari la kumpeleka uwanja wa ndege Mwanza lilipopiga honi, alivaa buti zake kizingitini. Halafu akaziokota ndala, akazifuta vumbi kwa kiganja, akaziweka mlangoni mwenyewe, visigino ndani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia ua. Nilipofika pale niliinama kuzigeuza zitazame ndani, kama viatu vya mtu aliyelala chumbani kwake, na mkono ukakataa. Nikafagia kuzizunguka. Kisha nikafungua simu. Theluji ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanguka usiku, wanasema ni nyingi na nzuri, na ukurasa haukusema imelalia nini.